Shira katika Chetezo: Uhakiki wa Utamu katika Manukato

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua sanaa zinazoingia kwa masikio na kwa macho: ushairi, hadithi, ngoma, uchongaji na michoro. Sanaa inayoingia kwa pua haijapata kiti katika baraza hilo. Hata hivyo, miongoni mwa Waswahili ufundi wa manukato ni sanaa kamili. Una kanuni zake, mafundi wake, na wajuzi wa kuamua kazi ipi imefaulu na ipi imeharibika. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha yapata mwaka 1858, hakuyaacha nje manukato alipoeleza namna ya kuitunza nyumba na wenyewe. Aliyaona ni sehemu ya maarifa ambayo mzazi humrithisha mwana.

Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo moja tu la sanaa hiyo, nalo ni matumizi ya shira, yaani utamu mzito utokanao na mimea, katika utengenezaji wa manukato. Jambo hili lina haja ya kusemwa sasa, na hasa hapa Kampala, kwa sababu mbili. Kwanza, marashi yenye harufu ya sukari iliyopikwa, vanila na vyakula vitamu yameenea, na wauzaji huyasifu kuwa ni “matamu” na kwamba “yametokana na mimea”, kana kwamba maneno hayo mawili yanatosha kuwa hukumu. Pili, mwanafunzi wetu wa Kiswahili akitakiwa kueleza harufu hiyo hukosa la kusema, akadhani ya kuwa lugha yenyewe ndiyo iliyokosa.

Hoja yangu ni kwamba si uzushi mpya kutia utamu katika manukato, wala Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuupima. Wapishi wa udi wa pwani wamekuwa wakiitumia shira kwa muda mrefu, na katika kazi yao wamekwisha kutuwekea vipimo ambavyo mhakiki yeyote aweza kuvitumia, hata kwa chupa iliyotoka Ufaransa.

MANENO KWANZA

Kabla ya kuhukumu kitu hapana budi kukitaja sawasawa. Neno harufu halina upande. Harufu yaweza kuwa nzuri au mbaya. Kitenzi hakina uvumilivu huo. Katika Kiswahili sanifu, kinachonuka huchukiza na kinachonukia hupendeza. Tofauti ya maana hizi, zilizo mbali kama mbingu na ardhi, imebebwa na irabu moja tu, i, ambayo kwa kawaida ni alama ya kauli ya kutendea. Hapa haielezi kwamba mtu ametendewa jambo; imeugeuza uvundo kuwa uturi.

Mwanafunzi wa Kampala huifikia irabu hii akiwa na mazoea mengine. Katika Luganda kitenzi okuwunya chaweza kutiwa kielezi upande wowote: kitu huwunya bulungi, au huwunya bubi. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Basi mwanafunzi hutafsiri neno kwa neno, akamwambia mgeni wa heshima, “Mama, unanuka vizuri.” Kielezi hakiwezi kukiokoa kitenzi kilichokwisha kutukana.

Neno la pili ni tamu. Hili ni neno la ulimi, lakini limesafiri mbali: twasema sauti tamu, usingizi mtamu, maneno matamu. Kwa harufu, msemaji wa pwani aghalabu husema harufu nzuri, au hukitaja chanzo chake: nguo yanukia asmini, chai yanukia iliki, chumba chanukia udi. Sisemi kwamba harufu tamu ni kosa la sarufi. Nasema kwamba ni sifa yenye kuficha mengi kuliko inayoyaeleza. Sukari nyeupe haina harufu ya kutajika. Weka bakuli lake chini ya pua usiku wa giza na huenda usijue ni nini. Haipandi hewani kama yapandavyo mafuta ya mkarafuu au ya mchaichai. Tunaposema harufu ni tamu, kwa kweli ulimi ndio unaokumbuka. Pua imekutana na vanila, iliki au ukoko wa sukari, na kumbukumbu ya vitu vilivyoliwa pamoja na sukari imekuja nayo.

Ndiyo sababu napendekeza neno ambalo jikoni wanalo tayari: shira. Shira ni maji ya sukari yaliyopikwa hata yakawa mazito, yale ambayo kaimati huchovywa ndani yake. Si asali ya nyuki, si asali ya muwa, wala si sukari guru, ingawa zote ni jamaa. Tofauti ni kwamba shira imepikwa kwa kusudi, na mpishi anajua wakati wa kuiepua. Anayesema marashi haya yananukia shira ametaja kitu, amekitaja moto uliokipika, tena ametufungulia njia ya kuuliza kama shira hiyo imeiva au imeungua. Anayesema ni matamu ametwambia tu kwamba ameyapenda.

KAZI YA SHIRA KATIKA UDI

Udi wenyewe ni mti uliougua. Hutoka katika miti ya jamii ya Akwilaria, iotayo Asia ya kusini na ya kusini-mashariki. Mti mzima usio na jeraha una ubao mweupe, mwepesi, usio na thamani ya manukato. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujihami kwa kutoa utomvu mweusi unaoujaza ubao, na ubao huo uliojaa utomvu ndio udi. Miti hiyo imekatwa mno, hata biashara ya aina zake zote ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa tangu mwaka 2005. Basi ni kitu adimu na ghali, na kilikuwa hivyo tangu majahazi yalipokuwa yakikileta pwani yetu kwa pepo za musimu.

Udi mtupu waweza kuwekwa juu ya kaa na kunukia peke yake. Lakini katika nyumba nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu unaojulikana zaidi ni udi wa kupikwa. Sukari hutiwa sufuriani pamoja na maji kidogo, mara nyingi maji ya mawaridi, ikapikwa hata ikawa shira nzito. Vipande vya udi, au unga wake, huingizwa humo, pengine pamoja na msandali. Kisha hufuata mafuta ya uturi, na miski, ambari au zabadi, kwa kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba na siri ya mpishi. Mchanganyiko hukorogwa, hupoozwa, na kuwekwa katika chombo chenye kifuniko mpaka harufu zikolee. Siku ya kutumiwa, kipande kidogo huwekwa juu ya kaa katika chetezo, na nguo, nywele na chumba vikafukizwa.

Tukiichunguza shira katika kazi hii twaona kwamba ina majukumu matatu.

La kwanza ni kuunganisha. Unga wa ubao, mafuta na miski ni vitu visivyoshikamana; shira huvifanya kuwa kitu kimoja kinachoweza kumegwa kwa kidole.

La pili ni kuzuia. Mafuta ya mawaridi na ya maua mengine hupanda hewani upesi. Yakiachwa wazi hutoweka kabla ya siku ya shughuli. Shira huyafumbata, na hayatoki mpaka moto uyaruhusu.

La tatu ni kutoa harufu yake yenyewe. Tumesema kwamba sukari haina harufu. Ipatapo moto wa kiasi cha nyuzi 160 za Selsiasi na zaidi, huanza kuvunjika na kuzaa vitu vingine vingi vyenye harufu, na kati ya hivyo mna maltoli, inayonukia kama peremende ya sukari iliyopikwa. Kwa hiyo shira hunukia juu ya kaa tu, wakati ule ule inapoharibika. Wahenga wamesema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Hapa methali imekuwa maelezo ya kikemia.

Na hapo ndipo penye hatari. Moto ukizidi, harufu ya shira hugeuka kuwa moshi wa sukari iliyoungua, wenye kukwaruza koo na kuufunika udi. Wajuzi hulifunika kaa kwa jivu jembamba kabla ya kuweka kipande, ili joto liwe la taratibu. Hatua hiyo ndogo inatuonyesha kwamba sanaa hii ina mfanyaji wa pili. Mpishi hutunga, na mfukizaji huimba kile kilichotungwa. Mmoja aweza kuiharibu kazi ya mwenziwe.

Msomaji wa Kampala hana haja ya kusafiri hadi Lamu ili kuyathibitisha haya. Mtaa wa Kisenyi una jamii kubwa ya Wasomali, na Wasomali wana uunsi wao, ambao nao huandaliwa kwa sukari iliyopikwa pamoja na ubani na mafuta ya manukato, ukafukizwa katika dabqaad, chombo kilicho ndugu wa chetezo. Wasudani pia huipika miti yao ya kufukiza kwa sukari. Huu ni ufundi wa eneo zima la Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Waswahili ni mafundi mmojawapo, na neno shira ni mchango wao katika kuueleza.

UDI MTUPU NA UDI WA KUPIKWA

Wapo wanaoudharau udi wa kupikwa. Husema kwamba sukari ni hila: kitu rahisi kilichotiwa ili kitu ghali kionekane kingi. Hoja hii haifai kutupwa bila kupimwa. Mwuzaji anayejaza sukari na kuiuza kwa bei ya ubao, bila kusema, anadanganya. Hata hivyo kosa hapo ni la mizani, si la sanaa. Mpishi anayetia sukari mbele ya macho ya watu, kwa kuwa ndivyo udi huo unavyopikwa, hadanganyi zaidi ya mpishi wa pilau anayetia mchele.

Tofauti ya udi hizi mbili yaonekana vizuri tukiitazama riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Katika riwaya hiyo, iliyochapishwa mwaka 2001, mzee Saleh Omar anawasili uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, akiomba hifadhi, na miongoni mwa vitu vichache alivyo navyo mna kikasha cha udi bora, ud-al-qamari. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, anauliza ni kitu gani, na mwishowe anajitwalia. Mwandishi anatueleza pia habari za jina hilo: watu hudhani linatokana na mwezi, kumbe linatokana na nchi ya Wakhmeri, yaani Kambodia. Udi ule umefika kwa Saleh Omar kwa mkono wa mfanyabiashara aliyekuja na musimu wa mwaka 1960, na nyuma yake kuna mikopo, dhamana ya nyumba, na uadui wa jamaa mbili.

Udi wa Gurnah ni udi mtupu. Haukupikwa kwa shira, na kwa ajili ya riwaya ile haungefaa kupikwa. Ni mali: hufungiwa kashani, husafirishwa, hudaiwa, huibwa. Thamani yake imo katika kutotumiwa. Udi wa kupikwa haungeweza kulibeba fumbo hilo, kwa sababu umetengenezwa ili uteketee mbele ya watu, harusini au jioni ya sikukuu. Shira ndiyo iliyouwezesha. Imekichukua kipande cha ubao ambacho kingetosha usiku mmoja wa tajiri, ikakigawa katika siku nyingi za nyumba ya kawaida. Mhakiki anayeuita udi huo duni kwa sababu tu una sukari amepima bei, hajapima kazi.

SHIRA YA CHUPA

Tugeukie sasa chupa za madukani. Watengenezaji wa manukato wa Ufaransa hutumia lugha ya muziki: harufu moja huiita noti, na mchanganyiko wa noti huuita mlingano. Noti tamu si ngeni kwao. Vanilini ilitengenezwa maabarani mwaka 1874. Jicky ya Guerlain iliitumia mwaka 1889, na Shalimar ya nyumba hiyo hiyo ikaifuata kwa nguvu zaidi mwaka 1925. Lakini mwaka 1992 nyumba ya Thierry Mugler ilitoa Angel, na hapo mambo yakabadilika. Angel ilitumia kwa wingi etili-maltoli, kitu kinachonukia sukari iliyopikwa kwa nguvu mara kadhaa kuliko maltoli ya kawaida. Tangu hapo limezuka kundi zima la manukato yanayoiga vyakula vitamu, na marashi mengi ya bei nafuu yanayofika masoko ya Kampala ni wajukuu wa kundi hilo.

Etili-maltoli haipatikani katika mmea wowote. Ni kazi ya maabara. Maltoli yenyewe ipo katika maumbile, kwa mfano katika magome ya miti fulani ya jamii ya misonobari, na katika nafaka zilizokaangwa. Kwa hiyo chupa inaponukia shira na ikaandikwa kwamba imetokana na mimea, mnunuzi ana haki ya kuuliza: mmea gani? Swali hilo lina majibu mazuri, na jibu mojawapo limeota karibu nasi.

Uganda ni miongoni mwa nchi zinazojulikana duniani kwa vanila, na mashamba yake yamo Mukono, Kayunga, Kasese na Bundibugyo. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na mkulima hulichavusha kwa mkono. Ganda hukaa mtini miezi kama tisa. Likichumwa bichi, halina harufu ile tunayoijua, kwa maana vanilini imo ndani yake hali imefungamana na sukari ya glukosi. Ni baada ya ganda kuchovywa katika maji ya moto, kuvundikwa, kutolewa jasho na kukaushwa kwa wiki nyingi ndipo kifungo hicho hukatika na harufu ikawa huru. Ganda lililochumwa mapema, ama kwa haraka ya mkulima ama kwa mkono wa mwizi, halitanukia sawasawa hata likikaushwa vipi. Ndiyo sababu Wizara ya Kilimo imekuwa ikitangaza tarehe za kuanza kuvuna. Msomaji na alinganishe: katika udi wa kupikwa, mtu huifunga harufu kwa sukari, na moto huifungua. Katika vanila, mmea wenyewe umeifunga harufu kwa sukari, na mtu huifungua kwa subira.

Jibu la pili limo katika vikapu vya viungo. Ni uwatu. Mbegu hizi, ambazo mama mzazi wa pwani hupewa katika uji au mchuzi ili maziwa yaongezeke, zina kitu kiitwacho sotoloni. Kikiwa kingi hunukia bizari. Kikiwa haba sana hunukia shira. Mtu akila uwatu kwa wingi, hata jasho lake huchukua harufu hiyo. Huko Amerika ya Kaskazini watu huchemsha utomvu wa mti uitwao mepo, ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, kiasi cha lita 40 kwa kupata lita moja ya shira, na sotoloni ni sehemu ya harufu ya shira hiyo. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wakazi wa jiji la New York walikuwa wakishangazwa mara kwa mara na harufu ya shira ya mepo iliyotanda hewani. Mwezi wa Februari 2009 wakuu wa jiji walitangaza chanzo chake: kiwanda katika jimbo jirani la New Jersey kilichokuwa kikisindika mbegu za uwatu. Jiji zima lilikuwa limeinusa mepo mahali ambapo hapakuwa na mepo.

Kisa hicho kina funzo kwa mhakiki. Pua peke yake haiwezi kumwambia mtu shira imetoka katika mti gani, au katika maabara gani. Kwa hiyo kusema kwamba harufu imetokana na mimea si sifa ya sanaa. Ni habari ya asili, na habari hutaka ushahidi. Isitoshe, asili ya mmea haiifanyi kazi kuwa njema. Udi wa zamani, tunaousifu, ulitiwa zabadi ya mnyama na ambari ya nyangumi. Atakaye kuviepuka vitu vya wanyama ana sababu zake za haki, na aziseme hivyo. Ila asiuite uadilifu wa malighafi kuwa ni uzuri wa harufu.

VIPIMO VYA KUHUKUMU

Tukirudi kwa mpishi wa udi, twaweza kuchukua kwake vipimo vinne, kila kimoja kikiwa na neno lake.

Kipimo cha kwanza ni kukolea. Shira iliyokolea imeingia katika vitu vingine hata huwezi kuitenga. Inayoelea juu, ikasikika kwanza na peke yake, haijakolea hata ikiwa nyingi. Marashi mengi ya kisasa yana kasoro hii: sukari hukupokea mlangoni, na nyuma yake hamna nyumba.

Cha pili ni kukinaisha. Utamu usio na kitu cha kuuzuia humkinaisha mnusaji, kama halwa inavyomkinaisha mlaji asiyepewa kahawa chungu. Ndiyo sababu desturi ikaviweka viwili hivyo pamoja. Katika udi, uchungu wa ubao na ukali wa zabadi hufanya kazi ya kahawa. Na tuseme haki: aliyeitunga Angel aliijua kanuni hii, maana aliiweka sukari yake juu ya pachuli, mmea wenye harufu nzito ya udongo. Waliomwiga ndio walioichukua sukari wakauacha udongo.

Cha tatu ni kuungua. Chupa haina kaa, lakini inaweza kuungua. Noti ya sukari iliyozidishwa hutoa ukali ule ule wa sufuria iliyosahauliwa motoni. Mpishi huitupa sufuria hiyo. Kiwanda huiuza kwa jina la “nguvu”.

Cha nne ni kushika. Udi mzuri hushika nguoni, na kesho yake kilichobaki ni ubao na miski, sukari ikiwa imekwisha kwenda zake. Huo ndio mpango mzuri: shira imebeba, imefikisha, imeondoka. Katika manukato yaliyotungwa vibaya mambo huwa kinyume. Ubao huondoka na sukari hubaki, kama mgeni asiyejua kuaga.

Kwa vipimo hivi naamua hivi. Shira katika manukato ni sifa inapokuwa mtumishi, na ni ila inapokuwa bwana. Udi wa kupikwa, ukiwa umepikwa na fundi na kufukizwa na mjuzi, ni kazi timilifu zaidi kuliko marashi mengi ya sukari yanayouzwa kwa majina makubwa, kwa sababu katika udi utamu una jambo la kutenda. Na iwapo siku moja Kampala itapata watungaji wake wa manukato, wenye vanila ya Mukono na miwa ya Lugazi na Kakira mlangoni mwao, sijui mahali bora pa kuanzia masomo kuliko sufuria ya mpishi wa udi.

FAIDA YAKE DARASANI

Msomaji aweza kuuliza: haya yana uhusiano gani na mwalimu wa Kiswahili wa Uganda? Yana uhusiano mkubwa. Mwaka 1973 Serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitumia na kukifundisha kwa lazima mashuleni. Pamoja na matangazo yote hayo, Waganda wengi wamekua wakikisikia Kiswahili kama lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani: lugha ya amri, fupi, kali, isiyo na nafasi ya mambo laini. Sheria haiwezi kuiondoa dhana hiyo. Vitabu vya kufundishia vilivyojaa salamu, nambari na maelekezo ya njia haviiondoi pia, pengine huithibitisha.

Dhana ile hudhoofika mwanafunzi anapokutana na upande wa lugha ambao askari hakuutumia mbele yake. Lugha iliyotenga kitenzi kizima kwa ajili ya harufu nzuri, ikaita chombo kimoja chetezo na kingine mrashi, ikapambanua uturi, udi, ubani, liwa, dalia, tibu na kikuba, si lugha iliyozaliwa kizuizini. Wanaosema kwamba Kiswahili ni mchanganyiko tu, kwa hiyo si kitu safi, nao wapewe mfano wa udi wa kupikwa: maneno yaliyokuja kwa jahazi yameshikanishwa na sarufi ya Kibantu, na kazi imesimama.

Mwalimu aweza kuanza kwa somo moja jepesi. Aweke mezani iliki, mdalasini, uwatu, ganda la vanila na kipande cha sukari guru. Awaamuru wanafunzi waeleze kila harufu bila kutumia maneno nzuri, mbaya wala tamu. Mwanzoni watanyamaza. Kisha mmoja atasema kitu kinanukia jiko la bibi yake, mwingine atasema kinanukia mvua ya kwanza, na wa tatu, akikosea, atasema kinanuka. Hapo mwalimu atapata nafasi ya kuifundisha ile irabu i kwa namna ambayo hawataisahau. Baadaye awape maneno ya mpishi: kukolea, kukinaisha, kuungua, kushika. Wayatumie kwa harufu, halafu wayahamishe kwa shairi au hadithi waliyoisoma. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini utamu wa beti moja umekolea na wa nyingine umekinaisha, amekwisha kuingia katika uhakiki. Na ameingia kwa mlango wa Kiswahili chenyewe, bila kungoja apewe tafsiri.